Kipimo cha usonji nikiwa na miaka 61: daktari nyota tano, mapokezi nyota moja

Nianze na ngazi manake ndo utakachokutana nacho mwanzo. Ziko 31, nyembamba kama ngazi zote za nyumba za Mji Mkongwe, na ya 19 imemeguka pembeni, kwa hiyo mwenye goti bovu kama langu akamate ukuta. Juu kuna mlango wa buluu, ukiingia unakuta viti vinane vya plastiki, galoni la maji na tivii. Hiyo tivii ntakuja kuisema.

Jina la pahala silitaji, Unguja ndogo hii na mengine ntakayosema si mazuri, sitaki mtu akose riziki yake kwa mdomo wangu. Anayetaka kweli aje inboksi nitamwelekeza. Ni kliniki binafsi, kuna daktari wa saikolojia, mwanamke, anatoka bara, anakuja mara moja kwa mwezi anakaa siku nne anarudi kwao, na nilichokwenda kufanyiwa mie ni kipimo cha usonji, ile Waingereza wanaita autism. Ndiyo usonji. Ndiyo mie mwenyewe, si mjukuu. Kijana wa mapokezi naye aliuliza hivohivo, "mtoto yuko wapi bibi?" nikamwambia mtoto ni mie, akacheka, akadhani namtania, akaniandika kwenye fomu pale penye jina la mzazi na pa mtoto akapaacha wazi. Ikabidi ikatwe kalamu na kuandikwa pembeni. Sasa mtu niliyekaa masjala ya serikali miaka 37 kuona fomu imechorwachorwa vile, wallahi iliniuma kuliko pesa nilizotoa.

Pesa zenyewe ni hizi kwa wanaotaka kujua: 60,000 kila mara unapoonana na daktari, mie nilionana naye mara nne, halafu ripoti 100,000. Jumla 340,000. Nilizipata kwa kofia tano. Nashona kofia za mkono, zile za viua, kila tundu linazungushwa uzi peke yake, na wateja wangu wanasema mishono yangu wanaijua hata gizani kwa kupapasa. Nimeuza tano, nimenunua jina la kitu nilicho nacho tangu tumboni mwa mama.

Sasa kwanini bibi mzima mstaafu aende kupimwa kitu ambacho watu wanajua ni cha watoto. Itabidi nirudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria. Siku za mwanzo nyumba imejaa, wanawake ukumbini mpaka koridoni, masufuria, watoto, simu zinalia kila kona. Baada ya hitma watu wakatawanyika wakarudi makwao, nikabaki mie na chumba changu na msahafu na kofia zangu na dirisha linalotazama uwani kwenye mpera. Sikwenda harusini wala maulidini, hakuna aliyeuliza mbona sikuonekana, hakuna aliyeniambia mbona umenuna, watu wakija wanakaa kidogo wanasema pole wanaondoka. Nguo nyepesi zilezile zilizofuliwa mpaka zikalainika. Hakuna udi, hakuna manukato, manake mwenye eda mwenyewe kakatazwa manukato, na nyumba nzima wakaacha kufukiza kwa kuniheshimu. Kichwa changu, ambacho nilishajua ndo kichwa changu, kinauma tangu usichana, kikaacha kuuma.

Na hapa nasema kitu ambacho sikumwambia mtu mpaka nilipokaa mbele ya yule daktari. Nilikuwa namlilia mume wangu, tumeishi miaka 34 na alikuwa mtu mwema kwangu, nilikuwa namlilia kila alfajiri, na wakati uleule mwili wangu umepumzika kuliko siku yoyote tangu nizaliwe. Vyote viwili pamoja ndani ya mtu mmoja. Nikawa najiona mnafiki. Nikawa naogopa hata kuswali, nasema Mola wangu ananiona. Wenzangu waliowahi kukaa eda wananiambia vumilia zimebaki siku ishirini, zimebaki kumi, na mie kila siku ikipungua ni kama mtu anayechungulia unga kwenye debe.

Eda ikaisha. Wiki mbili baadae harusi ya mtoto wa wifi yangu, ukumbini, na mie ndo shangazi mkubwa wa bwana harusi, siwezi kukosa. Spika mbili kila moja kimo changu, sare ya kitambaa kinachowasha ina vijiwe shingoni, udi juu ya udi juu ya pafyumu, kila anayepita ananikumbatia ananibana ananiambia pole huku ngoma inapigwa. Nikaenda chooni. Nikafunga mlango nikakaa humo saa moja na nusu nahesabu vigae, 14 kwa 22, jumla 308, vinne vimepasuka. Wakanigongea, wakasema masikini shangazi bado ana majonzi. Nikawaacha waseme hivo. Lakini mie najua kuwa nahesabu vigae vya vyoo vya watu harusini tangu 1979, na 1979 hakuna aliyenifia.

Aliyenitoa ni mwanangu wa kike. Yuko Maskati, anafanya kazi shule moja ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nilimpigia usiku ule nikamsimulia vile vigae, nilitaka tu kumchekesha. Hakucheka. Akaniuliza maswali kama kumi hivi, moja baada ya jingine, kwanini natoa lebo kwenye nguo zote, kwanini baba yake alikuwa haruhusiwi kusogeza kikombe changu, kwanini nikichoka sana naacha kusema kabisa. Kesho yake akanitumia voisi ndefu, anasema mama nina watoto tisa darasani na kila mmoja namkuta ana kipande chako, miaka mitatu nakaa kimya nilikuwa sijui nikuambie vipi.

Basi ndo nikapanda zile ngazi 31.

Siku ya kwanza. Nimeambiwa saa nne, nimeingia saa sita na dakika ishirini. Sasa jamani, pahala panapopima watu ambao sauti zinawaumiza, mnaweka tivii ya katuni imefunguliwa mpaka mwisho? Na juu yake feni inalia kwik, kwik, kwik, kila mzunguko wa tatu, nilihesabu. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume amejifunika kanga ya mama yake kichwani anajitikisa, mama yake anaona haya anamvuta akae sawa, nikatamani nimwambie muache mwanangu ndo ametia akili kuliko sisi sote humu. Sikumwambia. Najuta. Halafu kijana anaita majina kwa sauti na sababu ya kuja, "bibi wa usonji ingia!" Watu wote wakageuka. Nyota moja nimempa kwa sababu choo ni kisafi na maji yapo, basi.

Chumba cha daktari ni kizuri, kidogo, dirisha linaelekea uchochoroni kwa hiyo hakuna honi. Taa ile ndefu ya tyubu ilikuwa ikipepesa. Kupepesa kwenyewe kudogo tu, wengine hawaoni, mie naona. Nilivumilia nusu saa, macho yanatoka machozi, daktari akanipa tishu akidhani namkumbuka marehemu. Nikamwambia hapana, taa. Akainuka akaizima, tukafanya kazi kwa mwanga wa dirisha, na mara zote tatu zilizofuata nilikuta imeshazimwa kabla sijaingia. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivo bila kwanza kuniambia nimezidi kudeka. Hapo nikajua pesa yangu haipotei.

Mara ya pili ndo maswali. Kuna dodoso la watafiti wa Cambridge, Uingereza, limetoka 2001, maswali 50, linapimwa kwa alama. Liko kwa Kiingereza, daktari ananisomea ananitafsiria papo hapo. Unatakiwa ujibu nakubali kabisa, nakubali kidogo, sikubali kidogo, au sikubali kabisa. Tukagombana na neno "kidogo" robo saa nzima. Kidogo ni kiasi gani? Mara moja kwa wiki? Mara moja kwa mwezi? Akacheka akasema bibi hilo nalo ni jibu.

Halafu maswali yenyewe mengine yameandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Pemba. Mie nimezaliwa Wete. Eti ungependa kwenda kutazama mchezo wa jukwaani au kwenda makumbusho? Mwanamwali wa Wete miaka ya sabini unamuuliza swali hilo! Makumbusho tunayo siku hizi, ile ngome ya Chake, lakini wakati wangu ulikuwa ukichagua baina ya skuli, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na kuchambua karafuu. Eti ungependa maktaba kuliko pati? Hili sawa, nikasema pati badilisha weka harusi, akabadilisha, nikajibu nakubali kabisa kabla hajamaliza kutamka. Eti huwa unaona namba za magari? Nikamwambia gari la Mkoani kwetu ni 603, la Bububu hapa 502, la uwanja wa ndege 505, na gari ulilokujia wewe kutoka bandarini leo, Z fulani AB, lina taa ya nyuma moja imekufa. Akaandika.

Nilipata 39. Wenyewe waliolitunga walikuta kuwa katika watu wenye usonji waliowapima asilimia 80 walipata 32 au zaidi, na katika watu wengine ni asilimia 2 tu. Lakini daktari akanikatisha palepale, akasema dodoso hili si hukumu, ni kama kupimwa joto, linakwambia tu kuna haja ya kuangalia zaidi. Nawaambia hili kwa sababu najua mtalitafuta mtandaoni mjipime usiku mmoja mkiwa kitandani halafu asubuhi mtangaze. Wasiwasi, majonzi, kukosa usingizi, vyote vinaweza kukupandishia alama. Ndo maana mie nilitaka mtu wa kuniangalia machoni.

Ingawa hilo la machoni nalo lina kisa. Daktari aliandika kuwa sitazami watu usoni. Nikamwambia sawa, lakini nani aliyenifundisha kutazama watu usoni? Mtoto wa kike anayekodoa macho kwa wakubwa kwetu anaambiwa hana haya. Mie tangu mdogo nilikuwa nasifiwa, mtizameni huyu, ana haya, ana heshima, mkimya, hajui umbea. Nilipewa sifa kwa kitu kilichokuwa kinanitesa. Na salamu vilevile, wao wanauliza kama unaona tabu mazungumzo ya hivihivi, nikasema sina tabu hata kidogo, salamu zetu mbona zinajulikana, asalam aleikum, u hali gani, hujambo, za tangu juzi, watoto hawajambo, alhamdulillah, ni kama dua, unaijua aya inayofuata. Shida yangu inaanza zikishakwisha. Ikifika alhamdulillah ya tatu na mtu bado kasimama mbele yangu ananitizama anangoja niseme neno langu mwenyewe, hapo naona giza. Miaka yote nilikuwa na dawa yake: kikapu. Natembea na kikapu hata kama sina cha kununua, ikifika pale nasema haya mwenzangu nawahi sokoni. Darajani wameniona mara elfu na sikununua kitu.

Daktari akaweka kalamu chini akasema huko bara alikokuwa akifanya kazi hakuwahi kufikiria hivyo, kuwa adabu za watu zinaweza kumficha mtu miaka sitini. Namsifu kwa hilo, kukubali kujifunza kwa mgonjwa. Si mgonjwa, ananirekebisha kila saa, anasema huu si ugonjwa, ni namna ubongo ulivyoumbwa, hauna dawa ya kuuondoa na yeyote atakayekuuzia dawa hiyo anakuibia.

Ndo siku hiyohiyo nikamsimulia habari ya eda. Nilitegemea mambo mawili, ama ataniambia nimwombe Mungu msamaha ama atanipa zile pole za mdomoni. Hakufanya lolote katika hayo. Aliniuliza tu, "katika siku zile, ni kitu gani hasa ambacho hakikuwepo?" Nikaanza kutaja. Udi. Spika. Kukumbatiwa. Kubishwa hodi bila kuambiwa kabla. Nguo mpya yenye wanga. Kuulizwa utapika nini wakati nipo katikati ya kitu. Kwenda pahala bila kujua kunamalizika saa ngapi. Kucheka wenzangu wakicheka. Nilitaja dakika ishirini, anaandika, akajaza karatasi mbili, akanigeuzia nizisome. Mume wangu hakuwemo humo. Hata mara moja. Nikazisoma mara tatu kutafuta kama yumo, hayumo. Hapo ndo nililia kweli, na tishu yake safari hii niliipokea. Hilo swali peke yake lina thamani ya kofia zote tano.

Mara ya tatu walihitaji mtu aliyeniona utotoni. Nikauliza ya nini, mie hapa nipo mtu mzima. Akanieleza kuwa kitabu wanachofuata, kile cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, kinasema dalili lazima ziwe zimeanza udogoni, hata kama hazikuonekana wazi mpaka maisha yalipomzidi mtu nguvu, au zikafichwa na mbinu alizojifunza mwenyewe. Kikapu changu hicho. Toleo hilohilo ndo lililoingiza habari ya sauti na mwanga na nguo kuwasha katika vigezo, na ndo lililofuta jina la Asperger, walilokuwa wakiita aina moja ya usonji, likaweka kila kitu chini ya usonji. Mie nimeingia skuli mwanzo wa miaka ya sabini, mwalimu angelijulia wapi.

Basi tukampigia dada yangu mkubwa Wete, ana miaka 74, simu ikawekwa spika. Daktari kamwamkia vizuri, shikamoo bibi, akamweleza tunafanya kipimo cha usonji. Dada akauliza, "usonji ndo nini, kusonya? Kama kusonya huyo hasonyi, huyo hata ukimtukana anakwenda zake." Tukacheka wote. Halafu akaanza kumwaga. Kwamba msimu wa karafuu watoto wote wanachambua, wanatenga karafuu na makonyo wamalize wakacheze, mie nazipanga karafuu kwa ukubwa kwenye jamvi mistari imenyooka, na kuku akipita juu yake nalia mpaka natapika. Kwamba nilisema maneno kidogo sana mpaka miaka minne, halafu siku moja nikasema sentensi nzima na ilikuwa ya kumkosoa mjomba kwa kuhesabu pishi vibaya. Kwamba nikipewa uji kwa bakuli isiyo yangu siunywi. Kwamba mama alinipeleka kwa watu wazima nikaandikiwa kombe kwa zafarani nikanywa siku saba. Na kwamba baba yetu, aliyekuwa akipima karafuu za watu na hakukosea pishi maisha yake yote, alikuwa haruhusu mtu amguse mkono, kila jioni barazani pahala palepale, na akimkuta mtu kakaa pale anasimama kimya mpaka ainuke.

Daktari akaniambia hii kitu inatembea sana katika damu. Nikasema nimeona. Kwa muda nilikuwa sijifikirii mwenyewe, namfikiria baba kasimama pale barazani usiku hana la kusema.

Nikamuuliza, wako wengine kama mie, wa zamani? Akanieleza habari za daktari Leo Kanner, Marekani, aliandika 1943 juu ya watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa watatu tu, ndo tangu hapo watu wakatia akilini kuwa ni jambo la wavulana. Mtoto wa kwanza katika wale 11 alikuwa Donald Triplett wa Mississippi. Nilimsoma mwenyewe baadae. Alikuja kufanya kazi benki kwa miaka mingi, akicheza gofu, akasafiri nchi za watu, akafariki 2023 ana miaka 89. Nilifurahi sijui kwanini. Yeye benki na mie masjala, kila mtu na makaratasi yake.

Ya nne ndo majibu, hakuna cha ajabu, ilikuwa nusu saa, nina usonji, aina isiyohitaji msaada mkubwa wa kila siku. Nikapanda daladala nikarudi nyumbani nikashona.

Sasa malalamiko ya ripoti. Kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Nimelipa 100,000 kwa karatasi inayonihusu mie, nasoma na kamusi. Jina langu limeandikwa namna mbili, ukurasa wa kwanza kwa h na wa sita bila h. Ukurasa wa nne nimegeuka mwanamme, "he" mara tano, manake wamenakili ya mtu mwengine wakasahau kubadilisha, na mie Kiingereza changu cha masjala kwa hilo kinatosha. Risiti tarehe si yenyewe. Niliwarudishia vyote nimevipigia mstari kwa kalamu nyekundu, wakachukua wiki mbili kurekebisha. Kijana wa mapokezi safari hii hakucheka.

Na la kubwa zaidi: baada ya ripoti hakuna kitu. Wanakupa karatasi wanakutakia kheri. Kwa watoto wana mazoezi, wana ushauri kwa wazazi, kwa watu wazima hakuna hata kikao kimoja cha kueleza sasa unaishi vipi. Nilimuuliza daktari, akasema kweli, wakubwa wanaokuja ni wachache mno hawajapanga. Nikamwambia watakuwa wengi ukiizima ile tivii.

Nyumbani mambo yamekwenda nusu kwa nusu. Mwanangu alilia kwenye simu, kwa furaha anasema. Wifi yangu akasema usonji si wa watoto ule, wewe ni uzee tu na ujane. Mwengine akaleta habari kuwa chanjo ndo zinaleta usonji, nikamwambia mwenzangu uvumi huo umeanza 1998 kwa utafiti wa Muingereza mmoja, na jarida lenyewe la Lancet liliufuta 2010, mie 1998 nishakuwa hivi miaka 34, na chanjo niliyochanjwa ni ya ndui. Akanyamaza. Kuna jirani hapa mtaani alitamka "Kidongo Chekundu", hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, kwa sauti ya chini nilivyopita, kama watu wanavyolitumia jina hilo kwa kila wasichokielewa. Huyo nilimsalimia salamu zote mpaka alhamdulillah ya tatu halafu sikwenda sokoni. Nilibaki nimesimama mbele yake nikimtizama, nangoja aseme neno. Akaondoka yeye.

Harusi nakwenda. Nakwenda mapema kabla muziki haujafunguliwa, natoa mchango wangu, nakaa saa moja kwa saa, nina vizibo vya masikio vya sponji chini ya mtandio, vile vya mafundi, nimevipata duka la vifaa vya ujenzi. Sare nachukua kitambaa chake nashona mwenyewe na bitana ya pamba ndani. Wifi kaniona na ile bitana, hakusema kitu, mwezi uliopita kaniletea kitambaa chake na yeye nimtilie.

Kwa hiyo: daktari nyota tano, chumba nne na nusu, bei tatu, ripoti mbili, mapokezi moja. Ukizijumlisha ukagawa kwa tano inakuja tatu na pointi moja, lakini mie natoa nne kwa sababu ya lile swali la eda na kwa sababu ya taa. Mtu mzima unayetaka kwenda, chukua namba ya simu ya ndugu aliyekuona ukiwa mdogo na ambaye bado ana kumbukumbu, usingoje afe. Nenda siku ya pili ya daktari, siku ya kwanza foleni inatisha. Omba ripoti ya Kiswahili kabla hujalipa. Na ukikuta ile tivii inapiga kelele usimuombe kijana, anajifanya hasikii. Rimoti huwa anaiweka nyuma ya galoni la maji, upande wa ukutani.